Mfuko wa Kumi na Nne

Gari lililoachwa katikati ya kufufuliwa lina alama zake, na ukishazijua hulichanganyi tena na magari mengine ya yadi. Lililokufa kwa ajali limekunjamana. Lililokufa kwa uzee limechoka kila mahali kwa kipimo kimoja: rangi imepauka, viti vimepasuka, matairi yamelala. Hili la tatu lina mabaka ya uzuri katikati ya ubovu. Madigadi moja imepigwa msasa mpaka bati likang'aa, kisha ikapakwa rangi ya chini ya kijivu, na mlango ulio jirani yake umetobolewa na kutu. Chini ya mlango huo kuna kipande cha bati jipya kilichochomelewa na mtu mwenye mkono mtulivu, na mbele kidogo kuna mstari wa chaki unaoonyesha pa kukata siku inayofuata. Chaki bado inasomeka.

Nimezunguka yadi za magari chakavu kwa miaka mingi nikitafuta spea za Peugeot 404. Ni gari lililoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina, kampuni ya usanifu wa magari ya Italia, na yalitoka zaidi ya milioni 2.5. Kwa wingi huo mtu angedhani spea zake hazitaisha. Vitu vya injini vinapatikana, ndiyo. Ukitafuta utepe wa aluminiamu unaopita ubavuni, au kitasa cha ndani kisicho na ufa, au mpira wa kioo cha mbele ambao haujawa mgumu kama kuni, hapo ndipo utakapojua kwamba milioni zote zile zilisagwa na zikayeyushwa.

Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimefuata kitasa. Mzee anayesimamia yadi alinielekeza safu ya mwisho, karibu na ukuta, akaniambia, "Kuna moja kule kijana, lakini haina kitu. Ni ganda tu." Nikaenda. Ilikuwa kweli ganda: haina injini, haina milango miwili, haina dashibodi, imekalishwa juu ya rimu mbili na vipande viwili vya gogo. Nilipochungulia ndani, pale ambapo kiti cha nyuma kilipaswa kuwa, nilikuta sanduku la mbao lenye mfuniko. Ndani yake kulikuwa na mifuko midogo ya nailoni, kila mmoja umefungwa kwa uzi na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mwandiko ulikuwa safi na umenyooka. Mfuko wa kwanza: boneti, bawaba ya kulia, bolti nne, washa nne, kipande chembamba kimekaa upande wa juu. Wa pili: boneti, bawaba ya kushoto. Wa tatu: grili. Wa nne: taa za mbele, skrubu ndefu ziko chini. Nikaendelea kusoma hadi wa kumi na nne, ambao uliandikwa "mlango wa nyuma kushoto, bawaba", bila idadi wala maelezo, na mwandiko ulikuwa umeanza kulala.

Baada ya huo hapakuwa na mfuko mwingine. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na bolti, nati, klipu, springi na vipande vya bati, kilo kadhaa, vyote vimemwagwa pamoja.

Nilikaa chini pale kwenye vumbi, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuwa mtu huyo, tena mimi sikuandika hata mfuko mmoja.

404 yangu ya kwanza niliipata ikiwa nzima. Nasisitiza neno hilo. Ilikuwa inawaka, inatembea, inapiga honi. Ilikuwa na kutu chini ya milango na kwenye sakafu upande wa dereva, breki ya nyuma ilikuwa imeng'ang'ania, na rangi ilikuwa imechanika juu ya paa. Mtu mwenye akili tulivu angetengeneza breki kwanza, akaliendesha gari taratibu huku akishughulikia sehemu moja baada ya nyingine. Mimi niliona picha ya gari lililokamilika kichwani mwangu, nikataka kuanzia sifuri. Ndani ya wikiendi mbili nilikuwa nimeifungua yote. Kazi ya kufungua ina utamu wake: kila bolti inayolegea inakupa hisia ya kusonga mbele, na kila jioni unaona rundo limeongezeka. Nilizitia bolti katika ndoo tatu. Nilijiambia nitakumbuka.

Hakuna anayekumbuka. Bolti mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana milimita tano kwa urefu, na ile ndefu ukiifunga pasipo pake inatoboa kitu upande wa pili. Kwenye 404 kuna mambo ambayo usipoyaandika siku unayoyafungua umeyapoteza. Injini yake imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, kwa hiyo mabano na vishikizo vyake havifanani na vya injini iliyosimama ambayo fundi yeyote ameizoea. Silinda zake ni slivu, yaani mirija ya chuma inayochomoka, na chini ya kila slivu kuna sili inayoamua slivu ikae juu kiasi gani. Difu ya nyuma, gia inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, ndiyo ya ajabu zaidi: badala ya pinioni na krauni tunazozijua, yaani gia ndogo inayozungusha kubwa, ina skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na ukiifungua bila kupima kila washa ilikokaa, hutaifunga ikanyamaza tena.

Kosa lililoimaliza lilikuwa jingine. Magari ya aina hii hayana chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na uti wake ni yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango, kushoto na kulia. Kutu hupenda mahali hapo hasa, kwa sababu maji huingia ndani ya boksi na hayana pa kutokea. Mimi nilikata boksi la upande wa dereva lote kwa siku moja, gari likiwa juu ya jeki mbili, milango nimeshaitoa, bila kuchomelea hata nondo moja ya kushikilia uwazi wa mlango. Nilipoweka boksi jipya na kulichomelea vizuri, nikajipongeza. Miezi kadhaa baadaye nilirudisha mlango. Haukufunga. Bodi ilikuwa imelegea katikati kwa upana wa kidole, na mimi nilikuwa nimeichomelea ikiwa hivyohivyo, imepinda, imara kabisa katika upotovu wake.

Ungeweza kunyooshwa, upotovu ule. Fundi wa bodi mwenye vifaa angekata tena, angevuta, angechomelea upya. Lakini kufikia hapo rejeta ilikuwa kwa mtu wa rejeta, bampa zilikuwa kwa watu wa kromu, viti vilikuwa chini ya kitanda, na mimi nilikuwa sipiti tena upande ule wa nyumba. Hicho ndicho kipindi ambacho watu wa nje hawakioni. Hutangazi kwamba umeacha. Unasema nasubiri bati, nasubiri muda, nasubiri mvua ziishe. Turubai linawekwa juu. Mwaka unapita. Siku unahama, lori la yadi linakuja asubuhi, na vijana wawili wanalipakia gari lako wakiuliza kama ndoo nazo zinakwenda.

Nikasema ziende.

Kuhusu turubai niseme jambo, kwa sababu limeua magari mengi. Watu wengi huamini kwamba gari likifunikwa limehifadhiwa. Turubai la plastiki likigusa bati huzuia unyevu wa ardhini usitoke. Usiku unaganda kuwa matone, mchana unapata joto, na gari linakaa ndani ya mvuke wake lenyewe. Bati lililopigwa msasa likaachwa bila rangi hushika kutu nyekundu ndani ya siku chache tu, hata kama halijaguswa na mvua. Tena kutu haibaki na ukubwa wa chuma ilichokila. Huvimba mara kadhaa, ndiyo maana inapoanza kati ya bati mbili zilizobanwa pamoja inazipanua na kuzitenganisha kama mtu anayeingiza tindo. Injini iliyofunguliwa kichwa na kuachwa wazi ni hivyohivyo: ringi za pistoni hushikana na ukuta wa silinda. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Petroli iliyosahaulika tangini huacha utomvu unaoziba kila tundu la kabureta. Gari zima lililoegeshwa kwenye banda kavu linaweza kungoja miaka thelathini. Gari lililofunguliwa nusu halina muda huo. Ngozi yake umeivua mwenyewe.

Ndiyo maana sipendi jinsi tunavyosimuliana hadithi za magari yaliyofukuliwa mabandani. Maarufu kuliko zote ni ile ya Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji magharibi mwa Ufaransa, aliyekusanya magari kuanzia miaka ya 1950 akiwa na ndoto ya kujenga makumbusho. Biashara ikayumba, sehemu ya magari ikauzwa miaka ya 1970, yaliyobaki yakakaa chini ya vibanda, mengine mimea ikiyapanda. Mwaka 2014 wataalamu wa nyumba ya mnada ya Artcurial waliyakuta, na Februari 2015 huko Paris Ferrari 250 GT California Spider iliyokuwemo iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Kila mtu mwenye ganda la gari nyuma ya nyumba aliisikia habari hiyo, na wengi waliielewa vibaya. Walielewa kwamba kusubiri kunalipa. Ferrari ile ilikuwa kamili, ndani ya jengo lililofungwa, na ilikuwa miongoni mwa magari adimu duniani. Chini ya vibanda vya wazi palepale kulikuwa na magari yaliyooza kiasi cha kubaki umbo tu. Na kumbuka: Baillon mwenyewe, aliyeyapenda kuliko yeyote, alikufa bila kuiona makumbusho yake.

Gari la kawaida halina bahati ya Ferrari. Volkswagen kobe yalitengenezwa 21,529,464 hadi la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, na wingi huo ndio unaoyaokoa, kwa kuwa bado kuna watu wanaotengeneza karibu kila kipande chake. MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ina neema kubwa zaidi: tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza bodi nzima mpya kwa kutumia vifaa vya awali vya kukandamizia bati. Mtu aliyekata MGB yake vibaya kama nilivyokata 404 yangu anaweza kununua ganda jipya na kuhamishia kila kitu humo. Kwa magari mengine yote, na ndiyo mengi, ganda likipinda na mwenyewe akikata tamaa, njia ni moja.

Njia hiyo nimeishuhudia hadi mwisho, kwa sababu mzee wa yadi aliniruhusu. Gari likifika wanatoa kwanza betri, kisha mafuta yote: ya injini, ya gia boksi, ya breki, petroli iliyobaki. Matairi yanatoka. Chochote kinachouzika kinatoka au kinaachwa mteja akifungue mwenyewe. Halafu linakaa safuni, miezi au miaka, na kila wiki linapungua. Mwishowe linabanwa kuwa bapa, linapelekwa kwenye mtambo wa kusaga wenye nyundo zinazozunguka kwa kasi, ambao huligeuza kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja ndani ya dakika moja. Sumaku inachukua chuma, mashine nyingine inatenga aluminiamu na shaba, na chuma kinakwenda tanuri la umeme. Kinatoka nondo.

Nilikuwa nikiichukia yadi. Nilidhani ndiyo inayoua. Mzee yule alinisikiliza siku moja nikilalamika, akasubiri nimalize, akanionyesha safu yote kwa mkono. "Hakuna hata moja hapa niliyoifungua mimi," akasema. "Zinaletwa zimefunguliwa. Ikija nzima, kabla haijafika kwenye mashine huwa nimeshapata mtu wa kuichukua. Ikija kwenye ndoo, nani ataichukua? Hata mimi sijui ni nini kinakosekana."

Alikuwa anasema kitu ambacho mnunuzi yeyote wa magari haya anakijua bila kukitamka. Gari bovu lakini kamili lina mwanya wa kupata mlezi wa pili. Gari lililofunguliwa na mtu ambaye hayupo tena ni fumbo ambalo vipande vyake vingine vimepotea, na hakuna anayejua ni vingapi. Ujuzi wa gari lile haukuwa kwenye bati. Ulikuwa kichwani mwa aliyelifungua, na siku alipoacha, au alipougua, au alipokufa, uliondoka naye. Warithi wanakuta chungu la vyuma. Wanapiga simu yadi, wala siwalaumu hata kidogo.

Hata sheria inalitambua jambo hili kwa namna yake. Umoja wa Ulaya ulipotunga mwaka 2000 maelekezo yake kuhusu magari yaliyofikia mwisho wa maisha, yale yaliyotaka kwa wastani asilimia 95 ya uzito wa gari itumike tena au irejeshwe kwa namna nyingine kuanzia 2015, waliandika kwenye utangulizi wake kwamba magari ya kihistoria na yenye thamani kwa wakusanyaji hayahesabiwi kuwa taka, yawe tayari kutumika au yamefunguliwa vipandevipande, mradi yametunzwa ipasavyo na bila kuchafua mazingira. Nilipoisoma sentensi ile nilimshukuru aliyeiandika. Amelitazama ganda na masanduku yake akaona gari. Lakini ameweka sharti, na sharti ni kutunza. Vipande vilivyopangwa na kuandikwa ni gari. Vipande hivyohivyo vikimwagwa ndani ya ndoo na kuachwa mvuani, ni vigumu kumwambia mtu wa serikali, au jirani, au mkeo, kwamba si takataka.

Nimesikia watu wakisema tatizo la miradi hii ni fedha. Fedha ni sehemu yake, kromu peke yake inaweza kukuvunja moyo: kila kipande kinavuliwa, kinang'arishwa, kinapakwa shaba, kisha nikeli, kisha kromu yenyewe, na gari kama 404 lina vipande vingi vidogo ambavyo fundi wa kromu anaweza kuvipoteza kimoja kimoja. Lakini nimeona watu wenye fedha wakiacha, na nimeona mtu asiye na kitu akimaliza baada ya miaka kumi na moja kwa sababu hakuwahi kufungua zaidi ya alichoweza kufunga mwezi uleule. Gari lake liliendelea kuwa gari muda wote. Watoto wake walipanda ndani. Kulikuwa na siku lilikuwa na milango ya rangi tatu, na bado lilikuwa linawaka asubuhi.

Kitu kingine sikukijua wakati ule: kuachia gari mapema ni kulitendea haki. Nilipogundua kwamba bodi imepinda, 404 yangu bado ilikuwa na vioo vyote, tepe zote za ubavu, injini nzima, na mimi nilikuwa bado nakumbuka nusu ya mambo. Ningemtafuta mtu siku ile, nikakaa naye jioni mbili tukizipanga zile ndoo, gari lingekuwa na miguu ya kusimamia. Niliona aibu. Nilingoja miaka minne ili nisikubali, na katika miaka minne hiyo nilisahau kila kitu, na mvua ikafanya yaliyobaki.

Sasa nina 404 nyingine. Niliipata nzima, na kwa mapenzi ya Mungu itabaki nzima. Ninafungua kona moja. Nikimaliza ninaifunga, ninaiendesha wiki nzima, ninaisikiliza, ndipo naenda kona nyingine. Boksi za chini ya milango nilizibadilisha mwaka jana, nusu kwa nusu, milango ikiwa mahali pake, na nondo zimechomelewa kushikilia kila uwazi. Fundi aliyenisaidia alikuwa akipima baada ya kila mshono, na alikuwa haniruhusu kuharakisha hata nilipokasirika. Milango inafunga kwa kidole.

Siku ile yadini nilimuuliza mzee bei ya sanduku. Akachungulia, akaona ni bolti tu, akaniambia nilichukue pamoja na kitasa, ambacho nacho sikukipata kwenye gari lile. Nilimuuliza kama anamjua aliyelileta. Akasema lililetwa na kijana wa kike, gari la babu yake, na kwamba alilia kidogo wakati linashushwa, kisha akauliza kama kuna mtu anaweza kulitumia. Mzee alimwambia yupo. Aliniambia hakuwa na uhakika wakati anasema vile.

Nimeshatumia mifuko tisa. Bolti za boneti yangu zilikuwa zimebadilishwa zamani na mtu aliyetumia za ukubwa mwingine. Sasa ziko zile zenyewe, na kile kipande chembamba kimekaa upande wa juu kama alivyoandika. Jumamosi iliyopita nilifika kwenye mlango wa nyuma kushoto. Nilifungua mfuko wa kumi na nne na kuzimwaga juu ya kitambaa: bolti sita, moja fupi kuliko nyingine. Nilijaribu ile fupi mahali patatu kabla haijakaa. Ni ya juu, upande wa ndani. Nikachukua kalamu na kumalizia maandishi yake, chini ya mwandiko ule ulioanza kulala: bolti sita, fupi ni ya juu, ndani.

Halafu nikavuta sinia, nikamimina bolti zilizokuwa chini ya sanduku, nikachukua mfuko mtupu na kuandika kumi na tano.